Ukurasa Ufike Saa Ile Ile

Shajara ya mradi wa chumba cha nyenzo kwa wanafunzi wenye ulemavu, shule ya msingi ya umma, Kisauni, Mombasa

Jumanne, 14 Januari 2025

Jana saa mbili na dakika kumi asubuhi mwalimu wa Kiswahili wa Gredi ya 6 aliandika ubaoni kifungu cha ufahamu: aya 4, maswali 8. Wanafunzi 70 walinakili. Wa 71, msichana asiyeona anayekaa dawati la mbele karibu na mlango, aliweka mikono mapajani akasikiliza chaki. Leo nimemwuliza mwalimu mwenzangu kifungu kile kitamfikia lini kwa breli, yale maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole. Akapiga hesabu. "Jumatano ya wiki ijayo, ukipata nafasi ya kumpigia chapa." Yaani siku 9. Wenzake watakuwa wameshasahihishiwa, wameshasahau, wako kwenye kifungu kingine.

Basi hicho ndicho kipimo cha mradi huu. Nitahesabu siku zinazopita tangu ukurasa uwafikie wengine hadi umfikie yeye, na ninataka zifike sifuri.

Kuchelewa: siku 9.

Jumatatu, 20 Januari

Chumba tumepewa. Kilikuwa stoo ya madawati mabovu nyuma ya ofisi, kina madirisha mawili yanayotazama mwembe. Wazazi walichanga mwaka jana, na mwanafunzi wetu wa zamani anayefanya kazi bandarini akaongezea, tukapata laptopu 4 zilizotumika. Mbili ni nzima kabisa. Ya tatu betri imekufa, inafanya kazi ikiwa imechomekwa. Ya nne tuliuziwa na duka moja mjini kama nzima, kumbe kibodi yake haiandiki k wala m, na hakuna sentensi ya Kiswahili inayokwenda mbali bila hizo mbili. Nimeirudisha mara mbili, na mara zote mbili nimeambiwa nije kesho.

Wanafunzi wa chumba hiki ni 5. Msichana wa Gredi ya 6 alipoteza uoni akiwa na miaka 8 baada ya kuugua, kwa hiyo bado anakumbuka rangi, na anakumbuka herufi zilivyokaa. Mvulana wa Gredi ya 4 ana ualbino na uoni hafifu. Kuna dada wawili viziwi, mmoja Gredi ya 5, mdogo wake Gredi ya 3. Na kuna kijana wa Gredi ya 5 ambaye mikono haimtii tangu kuzaliwa. Hesabu anazifanya kichwani, na hadi leo hakuna daftari lenye maandishi yake. Wote walipimwa kwenye kituo cha EARC, kile cha kutathmini watoto wenye ulemavu, na ripoti zao ninazo kwenye faili moja. Nimezisoma tena jana usiku. Zinaeleza mtoto ana nini. Mimi nahitaji kujua atasomaje Jumatatu.

Kuna wanaoniuliza kwa nini huyu binti asipelekwe Likoni kwenye shule ya wasioona. Shule hiyo ipo miaka mingi na imelea watu. Mama yake alinijibu hivi: "Mwalimu, mwanangu ameshapoteza macho. Sitaki apoteze na nyumba." Alisema mara moja, sikumwuliza tena. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia breli na lugha ya ishara, na haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Haisemi akavitafute mbali na kwao.

Jumatatu, 3 Februari

Nimeweka NVDA kwenye laptopu zote 3 zinazowaka. Ni programu ya kusoma skrini: kila kilichoandikwa inakitamka. Haiuzwi. Ilianzishwa 2006 na Michael Curran, akaungana naye James Teh, Waaustralia wawili wasioona ambao hawakukubali kwamba mtu asiyeona ni lazima alipe pesa nyingi za ziada ili atumie kompyuta ambayo mwenzake anaiwasha tu.

Sikuwa nimebadilisha sauti. Nilipofungua sentensi ya kwanza, ikaisoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Binti akainamisha kichwa.

"Mwalimu, huyu asoma nini?"

"Kiswahili."

"Hapana, Mwalimu. Huyu hajafika Kisauni."

Nikaenda kwenye orodha ya sauti za eSpeak NG, zilizomo ndani ya NVDA yenyewe, nikachagua ya Kiswahili. Ni sauti kavu, kama ya mtu aliyeziba pua, lakini irabu zake zimenyooka. Kiswahili hutamkwa kinavyoandikwa, na hilo limetusaidia sana. Mwanzoni aliniomba niipunguze mwendo. Baada ya nusu saa akaomba niiongeze, kisha niiongeze tena, hadi mimi nikawa sifuatilii na yeye anafuatilia.

Kabla ya hayo yote nilimwekea vidole vya shahada juu ya F na J, penye vile vinundu vidogo. Akavipapasa kwa muda mrefu.

"Viko kwenye kila kompyuta?"

"Kila moja."

"Hata za wanaoona?"

Hata za wanaoona, nikamwambia. Alikaa hapo hapo, vidole havijabonyeza chochote, anavisugua vile vinundu kama mtu aliyekuta jina lake limeandikwa mahali asipotarajia.

Kuchelewa: siku 7. Bado namwandikia mimi kila kitu, jioni, baada ya masomo.

Jumanne, 11 Februari

Kuandika kifungu kizima kunanichukua saa moja na nusu. Leo nimejaribu njia ya picha: napiga picha ukurasa wa kitabu kwa simu, programu inaigeuza picha kuwa maandishi, nayapeleka kwenye laptopu. Dakika 6. Nilifurahi, nikamwita binti, tukasikiliza pamoja, furaha ikapungua. Kila m iliyopigwa kwa kivuli imekuwa r na n, kwa hiyo "mama" imekuwa "rnama". L imekuwa tarakimu 1. Ukurasa wenye safu mbili umesomwa kuvuka, nusu ya hadithi ya sungura ikaingia katikati ya zoezi la ngeli. Na alama ya king'ong'o imetoweka kila mahali: ngombe, ngambo, ngara. Kusafisha kumechukua dakika 25 nyingine. Hata hivyo, jumla ni chini ya nusu ya ule muda wa kwanza.

Nimejifunza vitu vitatu vidogo leo. Picha nipige nje kwenye kibaraza saa nne asubuhi, mwanga ukiwa sawa. Kitabu nikikandamize kwa kioo cha fremu ya picha ili ukurasa usipinde. Na kila safu niipige picha yake peke yake.

Jambo lingine limenikera. Nilipata kitabu kizima cha kiada kwa PDF nikadhani nimemaliza kazi ya mwaka. NVDA ikasema hati ni tupu. Kila ukurasa ulikuwa picha. Jicho linaona maneno, programu haioni kitu. Nimemwandikia mchapishaji kuomba faili la maandishi, wiki mbili sasa, kimya. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao 2017, uliandikwa kwa ajili ya hali hii hasa, ili nakala inayosomeka na asiyeona iweze kutengenezwa na taasisi zinazomhudumia bila faida, bila kungoja ruhusa. Lakini mkataba haupigi chapa. Aliye na faili safi akilitoa, mtoto anasoma kesho.

Kuchelewa: siku 3.

Alhamisi, 27 Februari

Nimevuka feri kwenda Likoni kumwona mwalimu wa breli aliyestaafu, mzee ambaye mwenyewe haoni tangu utotoni. Nilimchukulia kurasa 5 nilizopiga kwa mashine ya Perkins, ile ya vitufe 6, kila kitufe na nukta yake. Mashine hii ilitoka kwa mara ya kwanza 1951 na haijabadilika sana. Yetu ni nzito kama jiwe la kusagia na haijawahi kuniangusha.

Mzee aliuweka ukurasa juu ya meza, akakunja mikono ya kanzu. Vidole viwili vikatembea mstari wa kwanza, wa pili, vikasimama. Vikarudi nyuma herufi tatu.

"Binti yangu, huyu ng'ombe wenu hana nukta ya 3."

Alama ya king'ong'o katika breli ni nukta moja tu, ya 3, ile ya chini kushoto. Nilikuwa nimenakili kutoka kwenye faili la picha bila kulisafisha vizuri, na nukta haikuwapo. Jicho langu husoma "ngombe" likaelewa, likapita. Kidole chake hakikupita. "Mtoto ukimwambia ng'oa," akasema, "na karatasi ikamwambia ngoa, umempa wivu badala ya jembe."

Nilimweleza habari za NVDA, akafurahi kweli, akataka kujua sauti inasemaje. Kisha akaniuliza: "Itamsomea. Nani atamfundisha kuandika?" Nikamtolea daftari la binti la wiki iliyopita, nikamsomea kwa herufi. Kwasababu, neno moja. Ijapokua, bila w. Ame lala, maneno mawili. Mtoto amekuwa akisikia tu, na masikio hayaonyeshi neno linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Mzee hakusema kitu, alinirudishia daftari. Nimekata shauri nikiwa bado kwenye feri ya kurudi: breli kila siku, dakika 40, kabla ya laptopu kuwashwa.

Nilimpelekea pia swali la binti. Jumatatu aliniuliza kwa nini w haifuati wenzake. Herufi za breli zina mpangilio, kumi za kwanza zinajirudia kwa kuongezewa nukta za chini, na w peke yake inavunja safu. Imekaa kama j iliyoongezwa nukta ya 6. Mzee akanieleza: Louis Braille alikuwa Mfaransa, mfumo wake aliutoa 1829, na Kifaransa hakikuwa na haja na w. Ikaongezwa baadaye kwa ajili ya Kiingereza. Nimemrudishia binti jibu hilo. "Basi sisi watu," akasema, "tumeanza na herufi ambayo hakuifikiria."

Kuchelewa: siku 3, lakini sasa kurasa ni sahihi.

Jumatano, 12 Machi

Ramadhani. Watoto wanatoka mapema, na kufikia saa nane nguvu zangu zimekwisha. Kuchelewa kumerudi siku 4.

Jambo jema la wiki ni la mvulana wa Gredi ya 4. Kwa miaka mitatu amekalishwa kando ya dirisha "ili aone vizuri". Ilikuwa kinyume chake. Mwanga ule ulikuwa ukimchoma macho, na ubao mbele yake ukigeuka kioo. Nimemhamishia ukutani upande wa kivuli, nikamfungulia kikuzaji kilichomo ndani ya Windows, nikageuza rangi ili maandishi yawe meupe juu ya weusi. Alisoma aya nzima bila kukunja uso. Hatukununua chochote. Kikuzaji kilikuwamo siku zote, na ukuta ulikuwapo siku zote, na naumia nikifikiria hiyo miaka mitatu.

Jumanne, 29 Aprili

Muhula wa pili. Chumba kilifungwa likizo nzima na masika yameanza. Nimekuta laptopu moja tundu la hedifoni limeota kutu, na karatasi za breli zimelainika kwa unyevu hadi nukta zinabonyea chini ya kidole. Hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Nimezunguka maduka ya viatu karibu na Marikiti nikiomba vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokaa ndani ya maboksi. Nimerudi na mfuko mzima. Laptopu zinalala ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko, pamoja na vipakiti. Karatasi ziko ndoo ya pili.

Alhamisi, 8 Mei

Dada wawili. Hapa nimekosea, na makosa yenyewe yameniumiza kwa sababu yamewagharimu wiki tatu.

Nilidhani jibu lao ni programu ya simu inayogeuza usemi kuwa maandishi. Nilipoijaribu chumbani kwangu kimya, Kiswahili changu ilikiandika vizuri kuliko nilivyotarajia. Darasani, wanafunzi zaidi ya 60, feni, bodaboda barabarani, mwalimu akigeukia ubao: maneno yakatoka makapi. Nikamnunulia mwalimu kinasa sauti cha kubana kwenye kola, hali ikawa afadhali. Na bado dada mkubwa aliitazama simu, akaniangalia, akaitazama simu tena.

Ndipo mwalimu wa viziwi anayekuja kutusaidia Jumamosi akanieleza jambo ambalo niliwahi kulisoma KISE, chuo cha elimu maalumu kule Kasarani, nikalijibia mtihani, nikaliacha kwenye karatasi. Lugha ya watoto hawa ni Lugha ya Ishara ya Kenya. Ina sarufi yake, na Kiswahili kwao ni lugha ya pili ambayo hawajawahi kuisikia hata siku moja. Mimi nilikuwa nawapa maandishi yanayokimbia, ya lugha ambayo bado wanajifunza kuisoma, nikidhani nimewapa somo.

Tumebadilisha. Kila Jumamosi yeye anakaa mbele ya ukuta mweupe, amevaa shati la rangi moja iliyokoza ili mikono ionekane, mimi nashika simu. Video za dakika 3, neno moja au mawili ya somo la wiki ijayo. Ya kwanza ilikuwa "usanisinuru": kwanza herufi moja moja kwa vidole, kisha ishara ya jani, jua, chakula kinachotengenezwa. Video zinaingia kwenye simu ya mama yao Jumapili. Kwa hiyo kwa hawa wawili ukurasa haungoji darasa, unalitangulia. Leo mwalimu wa sayansi aliandika neno hilo ubaoni na mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa dada mkubwa.

Alhamisi, 15 Mei

Kijana wa Gredi ya 5 na kibodi. Kidole chake kikitua, hakiondoki upesi. Akitaka kuandika "mimi" skrini inajaa mmmmmmm, anafuta, anajaa tena, jasho linamtoka, anakataa. Windows ina mpangilio wa kupuuza kitufe kinachorudiwa au kinachoguswa kwa bahati mbaya, unaitwa Filter Keys. Ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8 unajitokeza. Tuliurekebisha polepole, yeye akiniambia ongeza, punguza, hadi m ikatoka moja.

Kikabaki kidole kuteleza kwenye kitufe cha jirani. Nikaenda kwa fundi aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana za Bombolulu, zile zilizoanzishwa 1969, ambako mafundi wenye ulemavu hutengeneza vito na vitu vya ngozi. Yeye mwenyewe anatembea kwa magongo. Nilimpelekea laptopu. Aliifunika kwa karatasi, akapaka penseli juu yake hadi kila kitufe kikajichora, akaihamisha michoro ile kwenye kipande cha plastiki kigumu kinachopitisha mwanga, akatoboa tundu moja moja na kulisugua kwa msasa mpaka ukingo ukawa laini. Kazi ya siku mbili. Alipokuwa akisugua tundu la mwisho aliniuliza mtoto anatumia mkono gani zaidi. Wa kushoto, nikamwambia. Akarudi kwenye matundu yote ya upande wa kulia akayakwangua ukingo wa ndani kwa mshazari, kwa sababu mkono wa kushoto utayafikia kwa kulala. Mimi nisingewaza hilo.

Sasa kiganja kizima kinapumzika juu ya plastiki na kidole kinaingia kwenye tundu. Sentensi yake ya kwanza ilimchukua dakika 11. "Mimi nilijua jibu la namba 5 tangu mwaka jana." Nimeichapisha, iko ukutani.

Jumanne, 27 Mei

Kuchelewa kwa binti kumekwama siku 2 tangu muhula uanze, na nimekuwa nikitafuta kompyuta yenye kasi zaidi, skana, programu bora. Wiki iliyopita niliufuata ukurasa mmoja kwa saa mkononi. Picha na kuigeuza, dakika 6. Kusafisha, 20. Kupiga breli, 50. Jumla haifiki saa moja na nusu. Muda uliobaki wote, siku mbili kasoro kidogo, ukurasa ulikuwa haujanifikia. Ulikuwa kichwani mwa mwalimu, au kwenye daftari lake la maandalizi, au ubaoni tayari kabla mimi sijajua upo.

Leo nimeliweka hilo mbele ya kikao cha walimu. Niliomba kila mmoja anitumie kwa WhatsApp, kila Alhamisi, kazi za wiki inayofuata. Wengi walikubali. Mwalimu wa sayansi alisema kweli yake: "Mimi huandika ubaoni kinachonijia asubuhi ile ile. Nikikuahidi nitakudanganya." Nilimheshimu kwa kunijibu hivyo. Tukazungumza, na mwalimu wa Kiswahili ndiye aliyetoa wazo: basi soma kwa sauti kila unachoandika, unapokiandika. Binti ana laptopu na hedifoni kwenye sikio moja, ataandika nawe, kama wengine 70 wanavyoandika nawe.

Sijui kwa nini hatukulifikiria Januari. Halihitaji stima wala bando.

Alhamisi, 5 Juni

Stima ilipotea saa tatu, katikati ya jaribio. Laptopu isiyo na betri ikazima papo hapo. Kijana alikuwa kwenye hiyo, na aya zake mbili hazikuwa zimehifadhiwa. Alilia. Nimemhamishia kwenye yenye betri, na nimeweka programu ya kuandikia ihifadhi yenyewe kila dakika. Nilipaswa kufanya hivyo tangu mwanzo.

Binti alivuta mashine ya Perkins akaendelea. Ile sauti yake, ka-ka-ka na kengele mwisho wa mstari, ndiyo iliyosikika darasani muda wote wa giza.

Jumanne, 17 Juni

Tumeazimwa kwa wiki mbili kifaa kiitwacho Orbit Reader 20. Ni kidogo kama kitabu, nukta zake zinapanda na kushuka zenyewe, na vitabu vinakaa kwenye kadi ya kumbukumbu. Kilimanjaro Blind Trust Africa ya Nairobi imekuwa ikivisambaza kwa shule nchini. Kina seli 20, yaani nafasi 20 za herufi, kwa mstari, na Kiswahili kina maneno marefu: "hawatatuhangaisha" peke yake lachukua 17. Binti alilazimika kubonyeza kwenda mstari unaofuata kila baada ya maneno mawili matatu. Nilidhani atachoka. Lakini kwa mara ya kwanza alisoma hadithi nzima kwa vidole bila mimi kupiga hata ukurasa mmoja, na tahajia ya wiki hii haina "kwasababu" hata moja.

Nukta zinapobadilika husikika mchakacho mdogo, kama mvua ya kwanza juu ya makuti. Wenzake wa dawatini waliomba waguse. Amewafundisha kuandika majina yao.

Jumatano, 2 Julai

Saa mbili na dakika kumi, Kiswahili, kifungu cha ufahamu. Mwalimu aliniletea Alhamisi. Karatasi za breli zilikuwa ndani ya dawati la binti tangu jana jioni, zimefungwa kwa utepe, naye hakuzifungua. Nilimwambia anaweza. Akasema hapana, wenzake hawajaona.

Mwalimu aligeukia ubao, akaandika kichwa cha habari huku akikisoma. Utepe ukafunguka. Nilisimama mlangoni. Wengine wakinakili, yeye akasoma, akafika swali la 6 kabla wao hawajamaliza aya ya tatu, akainua mkono.

"Mwalimu, swali la 6 lauliza kuhusu shangazi. Kwenye kifungu hamna shangazi."

Mwalimu akasoma tena. Hamkuwa na shangazi. Ilikuwa imesahaulika sentensi nzima. Madawati 20 yakageuka kumtazama, na yeye akawa anatazama mbele, amenyooka.

Kuchelewa, Kiswahili: siku 0.

Jumanne, 15 Julai

Nimepanga masomo yote. Kiswahili na Kiingereza, sifuri. Sayansi, sifuri siku ambazo mwalimu anakumbuka kusoma kwa sauti, na anakumbuka siku nyingi. Mafunzo ya jamii, siku 1. Hisabati, siku 6.

Hisabati haijasogea kwa sababu ya michoro. NVDA inafika kwenye picha ya pembetatu inasema "picha", basi. Maelezo ya maneno nimeyajaribu: pembetatu ABC, upande AB sentimita 6. Binti anayashika, lakini swali linapomtaka agundue pembe ipi ni kubwa, maelezo yangu yameshamwambia jibu au yamemficha. Anahitaji kuugusa mchoro wenyewe. Leo tumejaribu uzi uliogandishwa kwa gundi juu ya karatasi ya manila. Uzi wa cherehani ni mwembamba mno, unazama kwenye gundi. Kamba ya manila ya wavuvi ni nene, pembe inageuka kivimbe na kidole hakijui ilipo ncha.

Alishika mchoro wa pili kwa muda, akapitisha kidole pande zote tatu. "Mwalimu, hii yataka uzi wa kufumia mkeka. Bibi anao, lakini hatoi." Kwa hiyo kesho nikitoka shule nitapita Marikiti kununua uzi huo, na Alhamisi tutachora upya swali la 4 hadi la 9.